Namna ya Kupata Hoteli ya Bure Unapounganisha Ndege

Swali hili hunifikia mara kwa mara, na karibu kila mara kwa maneno yaleyale: "Nimesikia shirika la ndege linakulaza hoteli bure njiani, sasa ninaombaje?" Wengi huuliza wakiwa wameshalipia tiketi, na wengine huuliza wakiwa tayari wamekaa kwenye viti vya uwanja wa ndege, wamebakiwa na saa kumi na mbili kabla ya ndege ya pili. Hao huwa sina la kuwasaidia sana, na jambo hilo linaniuma, kwa sababu hoteli hii hupatikana siku unaponunua tiketi. Uwanjani unakwenda kuchukua tu kile ambacho tayari ni chako.

Mwongozo huu unahusu chumba, chakula na usafiri ambavyo shirika la ndege humlipia abiria ambaye ratiba yake inamlazimu kulala katikati ya safari. Zipo njia nyingine za kulala hotelini bila kulipa, kama vile kukusanya pointi za makampuni makubwa ya hoteli, lakini pointi hizo zinahitaji kwanza ulale usiku mwingi wa kulipia, au uwe na kadi za benki za Marekani ambazo wengi wetu hatuna. Kwa mfanyabiashara wa Kariakoo anayekwenda Guangzhou, mwanafunzi wa Bujumbura anayekwenda Uturuki, au mzazi wa Mombasa anayekwenda kumwona mwanawe Toronto, chumba cha transiti, yaani cha kusubiria kati ya ndege mbili, ndicho kilicho karibu zaidi.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Unahitaji pasipoti ambayo itaendelea kutumika kwa miezi sita au zaidi baada ya safari, pamoja na viza ya nchi unakokwenda kama inahitajika. Unahitaji pia cheti cha chanjo ya homa ya manjano, yaani ile kadi ya njano, kwa kuwa unapotoka nje ya uwanja kwenda hotelini unahesabiwa kuwa umeingia katika nchi ile, na afisa wa afya anaweza kuidai. Uwe na barua pepe unayoweza kuifungua ukiwa njiani, nakala ya tiketi iliyochapishwa kwenye karatasi, na begi la mkononi ambalo utalipanga kwa namna nitakayoeleza katika hatua ya sita. Kitu cha mwisho ni muda: anza kutafuta tiketi wiki kadhaa kabla ya safari, maana anayenunua kwa haraka hununua kinachobaki.

Jambo moja la kuelewa

Shirika linakulaza kwa sababu ratiba yake lenyewe haikukupa njia ya kuendelea siku ileile. Kama njia ilikuwepo, nawe ukaiacha kwa sababu tiketi ya ndege ya baadaye ilikuwa nafuu kidogo au ulitaka kuuona mji, shirika halina wajibu wa kukulipia chumba. Karibu kila sharti utakalokutana nalo limetokana na hoja hii.

Hatua za kufuata

1. Tafuta safari ambayo usiku wake wa katikati haukwepeki. Fungua tovuti ya shirika lenyewe na utafute safari yako yote, kwa mfano Dar es Salaam hadi Guangzhou kupitia Addis Ababa. Ukishaona safari yenye mapumziko marefu, fanya jambo ambalo wengi hawalifanyi: tafuta upya kipande cha pili peke yake, yaani Addis Ababa hadi Guangzhou, kwa tarehe ileile na siku inayofuata, kisha uangalie ndege zote za shirika hilo zinazoondoka baada ya wewe kufika. Ikiwa ipo moja inayoondoka saa mbili au tatu baada ya kutua kwako na ina nafasi, basi hoteli hutapewa. Ikiwa hakuna, au iliyopo imejaa, umepata safari unayoitafuta. Piga picha ya skrini inayoonyesha hali hiyo siku ya kununua, uihifadhi.

Nasisitiza hatua hii kwa sababu nimeona madhara ya kuiruka. Nilimsindikiza shangazi yangu kwenda kutibiwa India, na wakala aliyetukatia tiketi alituhakikishia kwa mdomo kwamba hoteli ipo. Tulipofika kwenye kaunta ya transiti, mhudumu aligeuza kioo cha kompyuta yake tuone wenyewe: ndege ya mapema ilikuwepo usiku uleule, na wakala alikuwa ametuweka kwenye ya asubuhi kwa kuwa ilikuwa nafuu kwa dola chache. Shangazi alilala kwenye viti vya chuma vyenye mikono katikati, ambavyo mtu hawezi hata kujinyoosha, na asubuhi miguu yake ilikuwa imevimba kiasi kwamba viatu havikuingia. Yule mhudumu hakukosea. Sisi ndio tulionunua bila kuangalia.

2. Piga hesabu ya saa kwa uangalifu. Tiketi huandikwa kwa mtindo wa saa ishirini na nne, na hapo ndipo sisi tuliozoea saa za Kiswahili hukosea. Tuseme unatua 20:30 na kuondoka kesho yake 10:15. Unatua saa mbili na nusu usiku na kuondoka saa nne na robo asubuhi, kwa hiyo mapumziko yako ni saa 13 na dakika 45. Dar es Salaam, Nairobi, Addis Ababa na Istanbul zote hutumia majira yaleyale, hivyo huko hakuna cha kuongeza wala kupunguza. Dubai iko mbele kwa saa moja, lakini kwa kuwa tiketi huandika saa za mahali ndege inapotua na inapoondokea, mapumziko ya Dubai yahesabu kwa saa za Dubai pekee.

Kosa kubwa zaidi linahusu ndege za baada ya usiku wa manane. Tiketi ikisema tarehe 12, saa 00:15, maana yake ni usiku wa kuamkia tarehe 12, na unatakiwa uwe uwanjani tarehe 11 jioni. Wapo watu waliofika uwanjani tarehe 12 jioni, siku nzima baada ya ndege kuondoka, na pamoja na hoteli walipoteza tiketi yenyewe.

3. Linganisha saa zako na masharti ya shirika. Kwa utaratibu uliozoeleka, Ethiopian Airlines humlaza Addis Ababa abiria mwenye mapumziko ya saa 8 hadi 24. Emirates, kupitia huduma yake iitwayo Dubai Connect, huanzia saa 10 hadi 24 kwa abiria wa daraja la kawaida. Turkish Airlines huanzia saa 12 kwa daraja la kawaida na saa 9 kwa daraja la biashara. Zote hutazama kama ulikuwa na ndege ya mapema zaidi. Mashirika haya hurekebisha masharti bila kupiga mbiu, kwa hiyo soma ukurasa wao wa huduma za transiti siku ileile unayonunua, na uangalie hasa kama nauli yako imo, kwa kuwa nauli za promosheni, za makundi na tiketi zilizonunuliwa kwa pointi huweza kuachwa nje.

Angalia pia ukomo wa juu. Mapumziko yakizidi saa 24, hata kwa dakika kumi, safari huhesabiwa kuwa umesimama mjini kwa hiari yako, na utaratibu wa hoteli ya transiti hautumiki.

4. Nunua tiketi moja, si mbili. Abiria wengi hugundua kwamba kununua Mombasa hadi Addis Ababa kwa tiketi moja na Addis Ababa hadi Ulaya kwa nyingine kunaokoa fedha kidogo. Kwa shirika, hizo ni safari mbili za watu wawili wasiojuana: ya kwanza imekwisha ulipotua, na ya pili haijaanza. Hoteli hapo haipo, mizigo utaichukua na kuiingiza upya mwenyewe, na ndege ya kwanza ikichelewa hakuna atakayekusubiri. Kabla ya kulipa, hakikisha safari yote iko chini ya namba moja ya uhifadhi, yaani booking moja. Baada ya kulipa, tazama namba ya tiketi yenye tarakimu kumi na tatu: tatu za mwanzo ni za shirika lililoitoa, 071 kwa Ethiopian, 176 kwa Emirates na 235 kwa Turkish. Ukiona vipande vyako viwili vina namba za mashirika mawili tofauti, mrudie wakala akueleze kabla hujaondoka ofisini kwake.

5. Ithibitishe hoteli ikiwa imeandikwa. Usikubali neno la mdomo. Mwulize wakala au ofisi ya shirika hivi: "Je, uhifadhi wangu una hoteli ya transiti inayolipwa na shirika, na imeandikwa wapi?" Katika lugha ya mawakala huduma hii hujulikana kwa herufi STPC, yaani mapumziko yanayolipwa na shirika, na ukizitaja, anayeifahamu kazi yake atakuelewa mara moja. Dubai Connect lazima iombwe angalau saa 24 kabla ya safari, na hili ndilo sharti linalowakosesha watu wengi chumba, kwa kuwa hufika Dubai wakidhani wataomba pale. Kwa Ethiopian, taka ofisi ya tiketi iiandike huduma hiyo kwenye uhifadhi wako mapema, ingawa karatasi ya hoteli unaweza kuipokea baada ya kutua Bole, uwanja wa ndege wa Addis Ababa. Turkish kwa kawaida hushughulikia ombi kwenye dawati lake la hoteli lililo upande wa wanaowasili Istanbul, na hapo huombi mapema.

Swali la viza liulize papo hapo. Dubai Connect hugharimia viza ya kuingia kwa anayeihitaji. Addis Ababa, abiria aliyepangiwa hoteli na shirika huandaliwa ruhusa ya kuingia kwa muda wa transiti. Uturuki ni tofauti: hoteli iko nje ya uwanja na kibali cha kuingia ni juu yako, kwa hiyo kama pasipoti yako inadai viza na huna, hoteli haitakufaa hata kama saa zimetimia.

6. Panga begi la mkononi kana kwamba begi kubwa halipo. Mzigo mkubwa ukiwa umeandikiwa mwisho wa safari hutauona njiani. Weka mkononi nguo moja ya kubadilisha, ndala, mswaki, dawa zako zote, chaja na sweta. Addis Ababa iko juu, takriban mita 2,300 kutoka usawa wa bahari, na mtu aliyetoka Dar es Salaam na shati jepesi huanza kutetemeka kabla hajafika kwenye basi. Vitu vya majimaji visizidi mililita 100 kwa kila chupa, la sivyo vitatupwa kwenye ukaguzi wa asubuhi.

Unapokabidhi mzigo, isome lebo. Herufi tatu zinazoonekana kwa ukubwa ziwe za mji wako wa mwisho: CAN ni Guangzhou, IST ni Istanbul, IAD ni uwanja wa Dulles wa Washington. Ukiona ADD na wewe unakwenda Guangzhou, mzigo utaishia Addis Ababa. Mwambie mhudumu kwa upole arekebishe palepale.

7. Ukitua, usifuate umati. Abiria wengi watakwenda kwenye mageti ya kuunganisha, nawe ukiwafuata na kupita ukaguzi, kurudi nyuma kunaweza kuwa taabu. Tafuta kwanza dawati la transiti la shirika lako. Fika mapema, kwa sababu ndege kadhaa hutua kwa pamoja na foleni hurefuka ndani ya dakika chache. Toa pasipoti, pasi zako za kupandia ndege na nakala ya tiketi, kisha useme: "Samahani dada, nina transiti ya saa kumi na tatu, na hoteli imeandikwa kwenye uhifadhi wangu." Kwa Addis Ababa au Istanbul, jiandae kulisema hilo kwa Kiingereza.

Utapewa karatasi ndogo yenye jina la hoteli, milo uliyopewa na maelezo ya basi. Isome ukiwa bado mbele ya dawati. Hakikisha jina ni lako, hesabu milo, na uulize basi la kurudi linaondoka saa ngapi. Kutoka hapo unakwenda uhamiaji, kisha kwenye kituo cha mabasi ya hoteli. Addis Ababa, wengine hupangiwa Ethiopian Skylight, hoteli kubwa ya shirika lenyewe iliyofunguliwa mwaka 2019 karibu kabisa na uwanja, na wengine hupelekwa hoteli ndogo za mitaa ya Bole. Chumba cha hoteli ndogo kwa kawaida ni safi na kina maji ya moto, na kwa msafiri aliyechoka kinatosha.

Waethiopia huhesabu saa kama sisi, kuanzia alfajiri. Dereva akikwambia kwa saa za kwao kwamba basi linaondoka saa mbili asubuhi, ni saa mbili yetu, yaani 08:00. Akisema kwa Kiingereza "two o'clock", mwombe aandike kwenye karatasi, kwa sababu wapo wanaotafsiri saa yao moja kwa moja na wapo wanaogeuza. Karatasi haichanganyi.

8. Hotelini, jua kipi kimelipiwa. Chumba, milo iliyotajwa na basi vimelipiwa. Simu, kufuliwa nguo, na vinywaji vilivyomo kwenye friji ndogo ya chumbani kwa kawaida havimo, na utadaiwa asubuhi kwa fedha za kigeni. Mwombe mhudumu wa mapokezi akupigie simu ya kukuamsha, na bado uweke kengele ya simu yako. Lenga kuwa uwanjani saa tatu kabla ya ndege kuondoka. Ukiwa Istanbul na mapumziko ya saa 6 hadi 24, na una ruhusa ya kuingia nchini, Turkish pia ina matembezi ya bure ya mjini yaitwayo Touristanbul, yenye mwongozaji na chakula. Ni jambo zuri sana kwa anayepita mchana na hakufikisha saa za kupewa chumba.

Makosa yanayojirudia

Usilipe mtu yeyote anayedai kukuuzia karatasi ya hoteli ya transiti. Karatasi hiyo haiuzwi, na anayeiuza anakuibia. Usichague tiketi ghali zaidi kwa ajili ya chumba peke yake, maana ikiwa tofauti ya nauli ni dola 120 na chumba cha kawaida karibu na uwanja kinapatikana kwa dola 40, umenunua chumba kimoja kwa bei ya vitatu. Usibadilishe tarehe ya kipande cha pili baada ya kuthibitishiwa hoteli bila kuuliza upya, kwa sababu mabadiliko uliyoyaomba wewe yanaweza kuifuta.

Mambo yakienda kombo

*Dawati linasema hustahili.* Uliza kwa utulivu ni sharti gani halikutimia. Wakitaja ndege ya mapema, onyesha ile picha ya skrini ya siku ya kununua inayothibitisha kwamba ilikuwa imejaa. Wakisema haikuandikwa, onyesha barua pepe ya uthibitisho. Ikishindikana, mwombe msimamizi wa zamu. Kupandisha sauti hakujawahi kumpatia mtu chumba mbele ya macho yangu, lakini karatasi nimeziona zikifanya hivyo.

*Shirika lilibadilisha ratiba baada ya wewe kununua.* Hii ni nafasi ambayo wengi huipoteza. Kama ulinunua safari ya kuunganisha kwa saa tatu, kisha shirika likafuta ndege ile na kukuhamishia ya kesho yake asubuhi, mapumziko marefu sasa yametokana nalo. Piga simu siku unayopokea taarifa, uombe hoteli iongezwe kwenye uhifadhi.

*Ndege ya kwanza imechelewa na ya pili imekuacha.* Ukiwa na tiketi moja, nenda kwenye dawati la shirika uombe ndege nyingine na mahali pa kulala kwa pamoja. Kama unaondokea uwanja wa nchi ya Umoja wa Ulaya, kwa shirika lolote, au unakwenda huko kwa shirika la huko, Kanuni namba 261 ya mwaka 2004 inalilazimu shirika kukupa chakula, hoteli ikiwa utalazimika kulala, usafiri wa kwenda na kurudi hotelini, na mawasiliano mawili ya simu au barua pepe. Wajibu huo hauondoki hata kama sababu ni hali mbaya ya hewa. Wasipokupa, lala hoteli ya bei ya kawaida, utunze risiti zote, uzidai baadaye kwa maandishi.

*Unasafiri na watoto au mzee.* Hakikisha majina yote yako kwenye namba moja ya uhifadhi. Familia iliyokatiwa tiketi kwa namba tofauti inaweza kugawiwa hoteli mbili zilizo mbali, na mtoto mwenye uhifadhi wake peke yake husumbua hesabu ya vyumba. Mzee anayehitaji kiti cha magurudumu aombewe kwenye tiketi mapema, na umkumbushe mhudumu wa kiti hicho, mara tu mnapotoka kwenye ndege, kwamba mnakwenda dawati la hoteli kwanza, kwa sababu kazi yake ya kila siku ni kuwapeleka abiria moja kwa moja getini.